Baba mdogo alinisomesha urubani, sasa anataka begi langu

Shikamoo Mama,

Mimi ni rubani msaidizi wa ndege za abiria, nina miaka 35, mzaliwa wa hapa Mwanza. Ninaishi na mke wangu na watoto wawili Pasiansi, karibu na kiwanja, kiasi kwamba wanangu wakisikia injini wanatoka nje kupunga mkono hata siku ambazo ndege si yangu. Naandika usiku huu kwa sababu mke wangu ameniuliza mara tatu wiki hii nina nini, na mara zote tatu nimemjibu ni uchovu.

Baba yangu alikufa na MV Bukoba nilipokuwa na miaka 6. Mdogo wake ndiye aliyenichukua. Baba mdogo hakusoma. Alikuwa anauza spea za injini za boti Kirumba, na kufuga kwao Magu. Nilipomaliza kidato cha sita nikamwambia nataka kurusha ndege, hakucheka. Aliuza zizi zima nikaenda chuo cha urubani Afrika Kusini. Ukoo ulimsema hadharani kwamba ng'ombe wa wazee wameuzwa mtoto akachezee mawingu. Siku ya kwanza nilipotua Mwanza nikiwa na sare, alikuwa amesimama nje ya uzio wa kiwanja, juani, kofia mkononi, tangu asubuhi. Nataka ujue hilo kabla ya mengine.

Mama, watu wengi hawajui kwamba sisi marubani tunakaguliwa kama abiria. Natoa simu, navua mkanda, begi linapita kwenye mashine. Nimewahi kunyang'anywa kimkasi cha kucha, halafu nusu saa baadaye nikawa nimekaa kwenye chumba cha marubani ambamo kuna shoka la dharura. Tukiwa wenyewe tunaongea hivi: kama nia yangu ni kuiangusha ndege, mkasi wa nini, wakati usukani ninao? Basi nimeuchukulia ukaguzi kama usumbufu wa kuvumilia tu. Na kwa sababu hiyohiyo nilizoea kubebea watu vitu. Dawa ya presha ya mama mkwe, vyeti vya mtoto wa jirani aliyeitwa usaili, sato wa kukaanga kwa dada. Hakuna aliyewahi kuniuliza zaidi ya mara moja.

Mwezi uliopita nikiwa nimelala safari katika mji ambao sitautaja, baba mdogo alinipigia simu. Akasema kuna kijana ataniletea kiboksi hotelini, spea za injini, wavuvi wanazisubiri. Nikamwambia si angezipeleka ofisi ya mizigo. Akacheka: "Ng'wanawane, wewe ndiye kiwanja chenyewe, nani wa kukukagua?" Kijana akaleta. Boksi lilikuwa dogo, lingeingia kwenye bakuli la uji, limezungushiwa seloteipu ya kahawia. Lakini uzito wake, Mama. Nilipanda nalo ngazi za hoteli nikabadilisha mkono mara mbili.

Asubuhi kwenye ukaguzi kulikuwa na binti mmoja tunayefahamiana kwa salamu. Ananiita kaka. Begi langu lilipopita alisimamisha mkanda wa mashine, akatazama, akaniuliza, "Kaka, mbona hiki ni cheusi tii?" Nikamwambia ni spea za boti za mzee wangu. Akanitazama, akatazama mistari mitatu begani kwangu, akatazama foleni nyuma yangu. Akaliachia.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kumsalimia baba mdogo nyumbani Nyakato. Barazani kulikuwa na wachimbaji wawili wa kutoka Geita, na boksi lile limefunguliwa, nalitambua kwa seloteipu. Ndani yake ilikuwa chupa ya plastiki, na baba mdogo alikuwa anawapimia zebaki kwa vizibo vya soda. Hakushtuka kuniona. Alifurahi! Akawaambia wale watu, huyu ndiye mwanangu rubani. Nilipomvuta pembeni nikamuuliza kwa nini aliniambia ni spea, akanijibu, "Ng'ombe walikusomesha nusu. Hii ndiyo iliyomalizia."

Mama, mafunzo ya vitu hatari tunayarudia kila baada ya miezi 24. Zebaki naijua. Iko kundi la 8, vitu vinavyokula metali. Abiria haruhusiwi hata kipimajoto cha homa chenye zebaki, isipokuwa kimoja kidogo ndani ya kasha lake, na kiwe kwenye begi la chini. Sababu ni kwamba bodi ya ndege nyingi ni alumini. Alumini inajikinga kwa utando mwembamba sana usioonekana. Zebaki ikipata mkwaruzo inapenya chini ya utando, inachanganyika na alumini yenyewe, na utando haushiki tena mahali hapo. Inaendelea kula kimyakimya. Tone likiingia chini ya sakafu hakuna atakayeliona. Mimi ndiye ninayekaa mbele na kuhesabu uzito wa kila kitu kilichomo ndani ya ndege ile, na karibu kilo saba zilikuwa miguuni pangu bila kuandikwa popote.

Nimelimulika begi langu kwa tochi, mshono kwa mshono, sikuona hata punje. Chupa niliiona nzima. Lakini silali.

Baada ya miezi miwili naanza mafunzo ya ukapteni. Nikisema nilichofanya naweza kuyakosa, na pengine leseni pia. Yule binti atapoteza kazi kwa sababu aliniamini. Baba mdogo anaweza kushtakiwa, na ukoo utasema ng'ombe walisomesha msaliti. Nikinyamaza, Jumamosi ya wiki ijayo nina ratiba ya mji uleule, na ameshaniambia safari hii ni maboksi mawili.

Nifanyeje?

Jina tunalihifadhi, Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu.

Wasomaji wajue jambo moja kabla sijaendelea. Barua hii haikuwa ya kusubiri zamu yake gazetini. Siku ileile iliyonifikia nilimwandikia kijana huyu swali moja peke yake: ndege ile iko wapi leo? Akanijibu: "Asubuhi imekwenda Bukoba, jioni inarudi Dar." Yanayofuata nayaandika kwa ruhusa yake, baada ya kubadilisha mambo madogo yanayoweza kumtambulisha.

Nilikaa na jibu lako muda mrefu. Nakuuliza tena hapa, kwa upole lakini kwa uzito. Umelimulika begi lako kwa tochi. Sakafu ya chumba cha marubani je? Mahali begi lilipokaa safari nzima? Mimi si fundi wa ndege, ila wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza kwamba tone likipita chini ya sakafu haliwezi kuonekana, kwa hiyo najua kwamba tochi yako haikukutuliza, na najua kwa nini. Chupa ilifika nzima, na hiyo ni habari njema. Inawezekana kabisa kwamba hakuna kilichodondoka. Lakini wapo watu ambao kazi yao ni kufungua vibao vya sakafu na kuangalia, na hawawezi kuangalia kitu ambacho hawajaambiwa. Katika yote uliyoniuliza, hili ndilo pekee ambalo naona haliwezi kungoja hayo mengine yapate majibu. Uamuzi unabaki wako. Ila sasa tuko wawili tunaojua, na mimi pia usingizi wangu umepungua.

Sasa turudi kwenye barua. Nikiisoma vizuri, umenipa matatizo matatu ukayafunga kwa seloteipu moja: boksi lililopita, maboksi yanayokuja, na deni la baba yako mdogo. Kwako yamekuwa kitu kimoja kwa sababu yote yana sura yake. Mimi ningependa tuyatenganishe kidogo, angalau kwa muda wa kusoma barua hii.

Nianze na lile ulilolitaja kama utani wa marubani, la shoka na mkasi wa kucha. Naielewa hoja yenu. Mtu aliyekabidhiwa roho za watu wote walioko ndani anyang'anywe kimkasi, inaudhi. Lakini nimejiuliza kama hamjauelewa ukaguzi kinyume. Mnauona kama swali linalowahusu ninyi: je, rubani huyu ni mtu mbaya? Mkishajua kwamba ninyi si wabaya, swali mnaliona la kijinga.

Desemba 1987 huko California, mfanyakazi wa shirika la ndege aliyekuwa amefukuzwa kazi alitumia kitambulisho ambacho hakuwa amekirudisha, akapita bila kukaguliwa, akaingia na bastola kwenye ndege aliyokuwamo bosi wake. Wakafa watu 43, wote waliokuwemo. Ni baada ya hapo Marekani ikaamua kwamba wafanyakazi wa ndege, marubani wakiwemo, wapite kwenye ukaguzi kama abiria. Ukisikia hivyo utasema, haya, huyo alikuwa mtu mbaya, mimi siye. Basi nikupe na huu. Aprili 1986, uwanja wa Heathrow, London, mwanamke mmoja wa Ireland, mja mzito, alikuwa anapanda ndege kwenda Tel Aviv. Begi lake alikuwa amepewa na mchumba wake, mwanamume aliyemwambia watafunga ndoa huko. Chini ya begi kulikuwa na kilo moja na nusu ya baruti, na yeye hakujua. Begi lilikuwa limeshapita kwenye mashine ya uwanja. Kilichomwokoa yeye, mtoto wake na mamia ya wenzake ni maafisa wa shirika lile la ndege waliomhoji maswali ya kawaida kabisa mlangoni, majibu yake yakawatia shaka, wakalifungua begi. Mwanamume yule alihukumiwa kifungo cha miaka 45.

Sikuleti kisa hiki kumfananisha baba yako mdogo na mtu yule. Hawafanani hata kidogo. Mmoja alitaka watu wafe, na mwingine, naamini, hajui kwamba zebaki ina ugomvi na ndege. Ninachotaka ukione ni mahali pa yule mwanamke. Alikuwa mtu safi aliyebeba kitu kwa sababu ya kumpenda mtu. Swali la mkaguzi lilikuwepo ili kumlinda hasa mtu wa namna hiyo. Yule binti aliposimamisha mkanda na kusema "kaka, mbona hiki ni cheusi tii", labda alikuwa mtu pekee asubuhi ile aliyekuwa upande wako kamili. Nawe ukampa jibu la baba mdogo, kwa sauti yako na kwa sare yako.

Barua yako inaonyesha kwamba hukujua kilichomo. Nakuamini. Lakini pia uliandika kwamba ulipanda ngazi ukabadilisha mkono mara mbili. Sentensi ile hukulazimika kuiandika, na umeiandika. Umelelewa na muuza spea wa Kirumba, sina shaka unajua uzito wa plagi na propela. Nadhani kuna sehemu yako iliyouliza pale ngaziani, na sehemu nyingine ikaizima kwa sababu kumuuliza baba mdogo mara ya pili kungekuwa kama kumwambia simwamini. Sikulaumu kwa hilo. Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba mkubwa akisema ni spea, ni spea. Ila nakuomba usijifiche nyuma ya "sikujua" unapojihoji usiku, kwa sababu naona ndiyo inayokukosesha usingizi kuliko hata kujua kwenyewe.

Tuje kwenye deni. Hapa nitakwenda taratibu, maana mtu aliyesimama juani kofia mkononi tangu asubuhi si wa kuzungumzwa haraka. Aliuza zizi zima, akatukanwa na ukoo, na hakukuacha. Hilo halifutiki hata ukikataa maboksi elfu. Lakini nakuuliza: aliuza ng'ombe ili apate nini? Ukiniambia aliuza ili siku moja apate njia ya kupitishia mzigo, nitashangaa, na nadhani utaona aibu kuliandika. Aliuza ili mtoto wa kaka yake awe rubani. Sasa ombi lake la Jumamosi linahatarisha kitu kilekile alichokinunua kwa ng'ombe wote wale. Sidhani kama ameliona hivyo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye kila akikutazama anaona sare na mlango unaofunguka. Haoni leseni inayoweza kuchukuliwa, wala mafunzo ya ukapteni. Hivi umewahi kumwambia? Katika barua yako yote sikuona mahali ulipomweleza zebaki inaifanyaje ndege. Ulimuuliza kwa nini alikudanganya, akakujibu kuhusu ada, mkaishia hapo, kila mmoja na kidonda chake.

Kwa hiyo njia mojawapo ni kwenda kumweleza, si kumkatalia tu kwa simu. Unaweza kumwambia ratiba imebadilika, na Jumamosi itapita. Ni njia nyepesi. Hatari yake ni kwamba kuna Jumamosi nyingine, na uongo utakuwa umehama kutoka kwake kuja kwako. Hatari nyingine ni kwamba atamtafuta kijana mwingine mwenye sare, asiye na mtu wa kumwandikia barua. Ukienda kumweleza ana kwa ana, unaweza kumkuta mtu mwingine kabisa. Februari 1982, ndege ya Boeing 737 iliyokuwa safarini kutoka hapahapa Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na vijana waliotaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ilipelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, mpaka Stansted huko Uingereza ndipo wakajisalimisha. Mimi nilikuwa msichana, nakumbuka wazee walivyoibana redio sikioni. Baba yako mdogo wakati huo alikuwa kijana mkubwa, lazima anakumbuka, na huenda anamjua mtu aliyekuwa na ndugu ndani ya ndege ile. Muulize. Mwache akusimulie yeye. Mtu wa Mwanza wa umri wake hahitaji kufundishwa kwamba kitu kinachopita bila kuonekana hapa kinaweza kuwafikisha watu mbali sana.

Anaweza pia kukasirika. Anaweza kukuambia maneno ambayo utayabeba miaka. Kama una shangazi, au mzee ambaye baba mdogo anamheshimu, fikiria kwenda naye, lakini uchague vizuri: wapo wazee ambao wakijua siri watakusaidia, na wapo ambao wataifanya mkutano wa ukoo. Mkeo pia. Amekuuliza mara tatu. Watoto wake ndio wanaopunga mkono pale nje.

Na kuna jambo la barazani ambalo umelipita haraka. Zebaki ile inapimwa kwa vizibo nyumbani kwa watu. Haihitaji moto ili itoe mvuke, inatoa hata ikiwa imekaa tu kwenye kizibo, na mvuke wake hauna harufu. Wachimbaji wanapoichoma kupata dhahabu ndiyo mbaya zaidi. Inaharibu mishipa ya fahamu, mikono inatetemeka, na kwa watoto na kinamama wajawazito madhara ni makubwa kuliko kwa wengine. Ikifika majini inaingia kwenye samaki. Kule Minamata, Japani, watu waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa zebaki na kiwanda waliugua, wao na hata watoto waliozaliwa baadaye, na mkataba wa dunia wa mwaka 2013 wa kupunguza zebaki umepewa jina la mji huo. Sisi tunaokula sato na dagaa wa ziwa hili tuna sababu ya kulisikiliza jina hilo. Baba yako mdogo anauza zebaki kwa sababu wanunuzi wapo, na wachimbaji wanainunua kwa sababu wengi wao hawana njia nyingine iliyo rahisi kwao. Siwezi kulimaliza hilo hapa. Lakini huenda mazungumzo yenu yakaanzia hapo, kwenye mikono yake mwenyewe na wajukuu wanaocheza barazani, kabla hayajafika kwenye leseni yako.

Kuhusu kutoa taarifa. Unajua kuliko mimi kwamba kazi yenu ina utaratibu ambao kazi nyingi hazina: mtu anatoa taarifa ya kosa lake ili wengine wajifunze, na lengo linakuwa kuzuia lisirudiwe kabla ya kuadhibu. Ni utaratibu mzuri, na umeokoa watu wengi. Lakini nisikudanganye kwamba ni kinga ya kila kitu. Utaratibu huo unatofautisha kosa la bahati mbaya na uzembe mkubwa wa makusudi, na sijui wako watauweka upande gani. Ulimhakikishia mkaguzi kitu ambacho hukukijua. Upande wa pili, mtu aliyekuja mwenyewe na mtu aliyegunduliwa hawapokelewi sawa mahali popote nilipopata kuona. Na zebaki ni kemikali inayodhibitiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo suala la baba mdogo linaweza kutoka mikononi mwako. Kabla hujaandika chochote kirefu, ongea na wakili, au na rubani mzee unayemwamini ambaye hana maslahi na nafasi yako. Kumbuka tu kwamba taarifa ya kwamba sakafu ikaguliwe ni sentensi mbili. Habari za nani alitoa boksi na nani alilipitisha zinaweza kufuata baadaye, ukiwa na mtu pembeni yako. Usiache urefu wa barua ya pili uzuie ufupi wa hii ya kwanza.

Yule binti. Umemtaja mara mbili, na mara ya pili amekuwa sababu ya wewe kunyamaza. Nakuomba ujichunguze hapo. Inawezekana unamlinda kweli. Inawezekana pia kwamba ni rahisi kusema "nanyamaza kwa ajili yake" kuliko "nanyamaza kwa ajili ya mistari minne ya ukapteni begani". Mimi nisingekulaumu kwa lolote kati ya hayo mawili, ila ni mambo tofauti. Jumamosi atakuwepo, au mwenzake. Ukipita na maboksi mawili, atayaona meusi tii mara mbili. Kama utaamua kutoa taarifa, kuna namna ya kuieleza ambayo inasema ukweli: kwamba aliona, akauliza, na jibu alilopewa lilitoka kwa mtu aliyevaa sare. Sijui kama itamtosha. Lakini ni kweli, na mwenye kuieleza ni wewe peke yako.

Nimebakiza sentensi yako moja. "Baba yangu alikufa na MV Bukoba nilipokuwa na miaka 6." Ukaweka nukta, ukaendelea na baba mdogo. Meli ile ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebakiza mwendo mfupi tu kuifikia Mwanza, imebeba watu na mizigo kupita uwezo wake. Tulizika mamia ya watu, na kila Mei bado tunakwenda makaburini Igoma. Sijui kama baba yako yuko Igoma au alibaki majini, na sikuulizi. Ninachofikiria ni mikungu ya ndizi iliyokuwa melini. Kila mkungu ulikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe aliona wake ni mmoja tu. Hawakuwa watu wabaya, pengine wengine walikuwa wanatafuta ada za shule. Mtoto aliyebaki akakua, akachagua kazi ambayo kila asubuhi anahesabu kilo za kila kitu kabla chombo hakijaondoka. Sijui kama umewahi kuliona hilo. Baba yako mdogo, aliyempoteza kaka yake siku ile, huenda analiona vizuri kuliko sisi wote, akikumbushwa.

Jumamosi bado haijafika. Ukienda Nyakato kabla yake, nenda mchana, kukiwa hakuna wateja barazani. Mkiishia vizuri niandikie. Mkigombana niandikie pia, usiku uleule. Na lile la sakafu, mwanangu, nitumie ujumbe hata wa neno moja tu likishafanyika.